Siku Ngassa Alipozikwa kwenye Sinema

Watu wa sinema walifika kwetu Kishapu mwaka sabini na nane, mwezi wa saba, pamba imeshauzwa na vumbi limeshaanza. Walikuja na Landrover moja na lori la kijani, na juu ya lori kulikuwa na masanduku ya bati ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyakalia. Aliyeshuka kwanza alikuwa kijana mrefu wa miwani. Jina lake Anatoli, Msumbwa wa Ushirombo, ila alikuwa amekaa Dar es Salaam miaka mingi na hiyo kazi ya sinema alikwenda kuisomea Ulaya. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba.

"Mama," akasema, "tumekuja kutengeneza sinema ya maisha ya mzee Ngassa. Tumeambiwa wewe ndiye mjane wake."

"Mimi ni mke wake," nikamwambia. "Mjane bado."

Akacheka. Alidhani namtania.

Ngassa alikuwa ningi, yaani mwenye kuongoza nyimbo. Kwetu baada ya mavuno makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, husimama kwenye uwanja mmoja, kila kundi linavuta watu kwa upande wake, na kundi litakalobaki na watu wengi jioni ndilo limeshinda. Ngassa aliwaimbia Bagika, na kwa miaka minane hakuna ningi aliyemnyang'anya uwanja. Wala hakuwa na mbwembwe. Alikuwa anasimama tu, kiganja sikioni, anaanza chini kwa chini kama mtu anayemsemesha ndama. Hata wazee wa Bagalu walikuwa wanajikuta wamesogea upande wetu, halafu wanajifanya walikuwa wanatafuta mtu wa kuwapa ugoro.

Mwaka hamsini na saba wachimbaji wa dhahabu wa Geita wakamwita. Akaenda na wachezaji kumi. Aliwaimbia siku tatu, na siku ya nne akasema anataka kuwatungia wimbo wao wenyewe, ila hawezi kuimba kitu ambacho hajakiona. Akashuka na wachimbaji kwenye shimo, moja ya yale mashimo yasiyo na mwenyewe, watu wanachimba kwa nyundo na kamba. Udongo ukashuka juu yao. Wenzao walifukua siku sita, wakatoa maiti mbili. Ya Ngassa hawakuipata. Wachezaji wakarudi kumi, bila yeye.

Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minne. Mtoto alipozaliwa tukamwita Makoye, ambayo kwa Kisukuma ni shida. Sikupata mwingine.

Kwetu mtu akipotelea mbali haachwi hivi hivi. Ukoo unachimba kaburi nyumbani kwake, mlangoni mwa zizi la ng'ombe, wanaweka humo kitu badala ya mwili, mjane anapiga yowe la kwanza, ndipo wengine wanafuata. Baada ya hapo mtu amekufa, amepumzika, amekuwa wa kutajwa kwenye tambiko. Mbuke, dada yake Ngassa, alikuja na watu wa ukoo kulifanya hilo. Nikakataa. Nikasema sikuona mwili, mimi sililii habari ya kuletewa.

Mbuke akaniambia, "Limi, mtu asiyeliliwa hafiki. Anakaa njiani."

Nikamjibu, "Akae njiani. Njia hiyo hiyo ndiyo ya kurudia."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na ubishi mwingi. Na bila mjane kuanza, msiba kwetu hauanzi. Basi watu wakaondoka na kilio chao tumboni. Nikakaa hivyo miaka ishirini na moja. Sikuolewa, sikurithiwa. Operesheni Vijiji ilipotuhamisha mwaka sabini na nne, wakatupanga kwa mistari kando ya barabara kama miche ya pamba, nikawa bado narudi kila wiki kwenye mahame yetu kufagia mlangoni, ili akija asikute magugu. Watu walinisifu uvumilivu. Nami nilijisifu pia, kimoyomoyo.

*

Anatoli alitaka mtu wa kuigiza kuwa Ngassa. Akawapanga vijana wa ngoma hapo shuleni, akawatazama mbele, akawatazama ubavuni, hakupenda hata mmoja. Wakati huo Makoye wangu alikuwa anapita na baiskeli kutoka kiwanda cha pamba, nyuzi nyeupe kichwani, maana kazi yake ilikuwa kupakia marobota. Anatoli akanyanyua mkono.

"Yule! Yule ni nani?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Si kwa sababu ya sura, sura alikuwa nayo ya baba yake, hata mimi ilikuwa inanishtua akiinama kunawa. Walicheka kwa sababu Makoye hakujua kuimba. Sisemi aliimba vibaya. Hakujua kabisa, hakuweza kuushika wimbo, ulikuwa unamponyoka kama sabuni. Mwalimu wa kwaya kanisani alimwomba kwa heshima zote awe anashika taa.

"Bwana mkubwa," Makoye akasema kwa haya, "mimi nikiimba hata mbuzi wanavunja zizi."

"Sihitaji sauti yako," Anatoli akamjibu. "Sauti tutaiweka baadaye kwa mitambo. Wewe utasimama tu, ufungue mdomo."

"Mdomo najua kuufungua. Muulize mama kuhusu ugali."

Nilikubali. Niseme ukweli, nilifurahi. Nilitamani kumwona Ngassa akitembea tena hapo kwetu, hata kama ni kwa miguu ya kuazima.

Wakachagua kufanyia kazi kwenye mahame yetu, kwa sababu kijijini kulikuwa na mabati na bendera, na wao walitaka mambo ya zamani. Wakaezeka nyumba yetu upya kwa nyasi. Wakatengeneza zizi, uzio wake wa minyaa ulikuwa bado umesimama, umekuwa mrefu kupita mtu. Siku waliyomaliza nilisimama mlangoni. Kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake ila mwenye nyumba.

Siku ya kwanza walipiga picha mambo ya posa, Ngassa anakuja kwetu kunichumbia. Kulikuwa na dada mmoja wa mitambo, Generoza, anavaa suruali, watoto walimfuata siku nzima kwa ajili ya hiyo suruali. Kazi yake ilikuwa kunasa sauti; alikaa na mashine magotini na vitu viwili masikioni. Anatoli akamwambia Makoye, weka mkono sikioni, fungua mdomo, hesabu moja mpaka ishirini kimya kimya.

Makoye akaweka kiganja sikioni. Akafungua mdomo. Akaimba.

Alianza chini, hivyo hivyo kama kwa ndama. *Nimepita mlango wa kwanza, mbwa kanikatalia. Nimepita mlango wa pili, mvua kanikatalia. Limi usifunge, bado nahesabu.*

Kuku waliokuwa wanaparura walisimama. Alipomaliza Anatoli alisahau kusema "kata", na baadaye akaruka kwa furaha, akamkumbatia, akamwita mwongo mkubwa. Watu wote wakashangilia. Generoza peke yake alivua vile vitu vya masikioni, akavitazama, akaja kwangu taratibu.

"Mama, nani amemfundisha ule wimbo? Kwenye karatasi zetu haumo."

Ningemwambia nini? Wimbo ule haukuwahi kuimbwa uwanjani. Ngassa aliniimbia mimi peke yangu, nyuma ya ghala la baba yangu, mchana mmoja wa mwaka hamsini na tatu. Hata mama yangu hakuusikia.

*

Kuanzia hapo Makoye akawa anakwenda mahame kabla watu wa sinema hawajaamka. Akirudi hana maneno. Nilimpa maziwa ya mgando, ambayo tangu utotoni alikuwa anayapigania, akayasukuma. Baba yake alikuwa hawezi hata kunusa mgando. Nikamwuliza, "Unaumwa?" Akatikisa kichwa.

Siku ya nne nikafua shati lake. Nataka unielewe hapa. Udongo wetu Kishapu ni mweusi, ni mbuga, unajua wenyewe unavyonata. Kiangazi ukikauka unapasuka nyufa za kupitisha mguu. Mimi nimefulia udongo ule tangu msichana. Maji ya shati la Makoye yalitoka mekundu. Nikayamwaga, nikachota mengine, yakatoka mekundu. Nikageuza mifuko, nikakuta tope jekundu limeganda ndani yake, lina vijiwe vinavyong'aa. Udongo wa namna ile nimeuona kwenye magurudumu ya magari yanayotoka Geita, kwingine sijauona.

"Makoye," nikamwita, "ulikuwa wapi jana?"

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo. Hakugeuka.

"Maji yamechemka, Limi?" akauliza.

Mtoto wa Kisukuma hamwiti mama yake jina. Hata akiwa amelewa. Hata akiwa na kichaa. Nilitupa lile shati kwenye karai nikaenda kwa Mbuke kwa miguu, saa sita ya mchana, kichwa wazi.

Mbuke alikuwa anapepeta choroko. Nilimweleza yote. Hakuonyesha mshangao, na hilo lilinitisha kuliko shati.

"Amepata mlango," akasema.

"Nani?"

"Usiniulize kitoto, Limi. Kaka yangu ana miaka ishirini na moja anatafuta pa kuingilia. Wewe ulimfungia. Wageni wamemfungulia, tena wamemwezekea na nyumba." Akaweka ungo chini. "Hiyo sinema yao inaishia wapi?"

Nikakumbuka alivyonisomea Anatoli siku ya kwanza. Inaishia kwenye mazishi. Nilimwambia kwamba Ngassa hana kaburi, naye akasema kwenye sinema atakuwa nalo, watu hawapendi kuondoka bila kuona mtu amelala.

"Kaburi wameshachimba?" Mbuke akauliza.

"Wanachimba leo. Ameomba vijana wenye nguvu."

"Vijana gani?"

Nikawataja. Mbuke akainuka. Walikuwa wanawe wote watatu. Kwetu kaburi la mtu huchimbwa na wapwa zake, na vijana wale walipoambiwa ni kaburi la mjomba Ngassa hawakungoja kuulizwa, walichukua majembe wakaenda. Anatoli alitaka shimo la mapambo, la kufika kiunoni. Wapwa walichimba kama inavyochimbwa, mlangoni mwa zizi, mpaka urefu wa mtu, na mwanandani ubavuni.

"Basi hilo ni kaburi," Mbuke akasema. "Na kaburi halifukiwi tupu. Litamtaka mtu, na mtu watakayemlaza ni Makoye."

*

Nilimkuta Anatoli anafuta miwani kwa shati. Niliongea naye kama mtu mzima na mtoto wake. Nikamwambia achague mwisho mwingine, aweke hata mgomba, aweke gunia, ila mwanangu asilale mle.

"Mama, ni mchezo tu," akasema. "Nitamlaza dakika mbili, tunapiga kutoka juu, namtoa, anakunywa soda."

"Wewe kwenu Ushirombo mnacheza na kaburi?"

Akatazama chini. "Kwetu tunamwita padri kwanza."

"Basi hata wewe unajua."

Akanieleza mambo yake. Petroli ilikuwa ya kibali, ya kuwafikisha Shinyanga tu. Na utepe wa kupigia picha ulikuwa umebaki kopo moja, zaidi ya hapo hakuna nchi nzima. Asipopiga mazishi kesho, kazi ya mwaka imekufa. Nikaona kwamba si mtu mbaya. Nikaona pia kwamba hanisikii.

"Muulize Makoye mwenyewe," akasema. "Yeye akikataa, naacha. Naapa."

Tulimkuta amesimama juu ya kaburi, mikono nyuma, anachungulia ndani kama mtu anayekagua shamba lake. Nilimshika mkono. Ulikuwa na baridi, jua lile la saa tisa.

"Makoye mwanangu, kataa. Mwambie huyu bwana hutaki, twende nyumbani."

Alinitazama kwa upole sana. Ngassa alikuwa ananitazama vile nikimsihi asisafiri.

"Limi," akasema, "nimechoka kutembea."

Anatoli akanigeukia. "Amesema nini? Kwa nini anakuita hivyo?" Nilimvuta Makoye mkono, hakusogea, wala hakukataa kulala. Generoza alikuwa nyuma yetu, ameziba mdomo kwa kiganja.

*

Mazishi yaliwekwa saa nne ya asubuhi, jua likiwa zuri kwa picha. Anatoli alikuwa ameomba akina mama kumi na tano wa kulia. Walikuja zaidi ya mia. Walitoka mpaka Mhunze, vikongwe wameshikwa mikono, kila mmoja kaniki kiunoni. Anatoli alifurahi, akamwambia Generoza, tazama jinsi watu wanavyopenda sinema. Hakujua kwamba wale wanawake hawakuja kwenye sinema. Walikuwa na kilio cha Ngassa tumboni tangu hamsini na saba.

Makoye alilazwa kwenye ngozi ya ng'ombe mweusi mbele ya nyumba. Wapwa wakamkunja mikono. Wakamfunika mpaka kifuani. Mimi nilikaa kichwani kwake, mahali pa mjane, nimeshika mwisho wa ngozi. Nilikuwa nimeazimia jambo moja tu: sitafungua mdomo. Nisipoanza mimi, hawawezi kuanza. Wasipolia, hakuna msiba. Nilimzuia Ngassa hivyo mara ya kwanza, nikadhani nitamzuia tena.

Anatoli akasema, "Tayari." Mashine ikaanza kuunguruma.

Wanawake wakanitazama. Mia nzima, kimya. Nilisikia minyaa ikikwaruzana na upepo. Nikamtazama mwanangu. Nzi akatua kwenye shavu lake, akapanda, akatembea juu ya jicho. Jicho lilikuwa wazi kidogo. Halikupepesa.

"Makoye," nikanong'ona. "Makoye, fukuza nzi."

Nikaweka kiganja chini ya pua yake. Hakuna kitu. Nikaingiza mkono chini ya ngozi, kifuani, nikakuta baridi na unyevu, kama ukuta wa kisima. Pembeni mwa midomo yake palitoka mstari mwembamba wa udongo mwekundu.

Anatoli aliona uso wangu. Akaja mbio, akapiga magoti, akamshika shingo. Akakaa hivyo. Akabadilisha vidole, akakaa tena. Akafanya ishara ya msalaba. "Mama," akasema, "mama, huyu..." Na ile mashine ilikuwa bado inaunguruma, hakuna aliyekumbuka kuizima.

Hapo nikaelewa ubishi wangu ulipofika. Nilidhani nikinyamaza nitamzuia Ngassa. Kunyamaza kwangu ndiko kulikomweka njiani miaka yote ile, amechoka, hana pa kukaa, na sasa alikuwa amekaa ndani ya mtoto. Angeendelea kukaa humo mpaka nimwambie pa kwenda. Na kumwambia maana yake ilikuwa hatarudi. Hilo ndilo ambalo sikutaka kulisema tangu nina miaka ishirini na sita.

Nikalisema. Nilisimama, nikaweka mikono kichwani, nikapiga yowe.

"Ngassa wee! Ngassa, umekufa! Umekufa Geita, kwenye udongo mwekundu, na mimi ndiye niliyekunyima kufa! Mlangoni sitafagia tena! Sikungoji tena! Lala, mume wangu, hapa ndipo pako. Na huyu si wewe. Huyu ni Makoye, nimemzaa mimi, sikukupa. Mwache!"

Sijui nilisema mara ngapi. Wanawake waliachilia kilio chao kwa pamoja, na ardhi niliisikia miguuni ikitikisika. Mbuke alinivuta, akanikalisha ukingoni mwa kaburi. Alikuwa na wembe kwenye pindo la kanga, alikuja nao kutoka kwake. Akaninyoa pale pale, kavu, bila maji, ananikata na kulia, analia na kunikata. Nywele zangu zote akazikusanya pamoja na damu kidogo iliyokuwamo, akazifunga kwenye kaniki, akawapa wanawe.

"Mjomba wenu huyu hapa," akasema. "Mlazeni vizuri."

Wakashuka nazo, wakaziweka kwenye mwanandani kwa mikono miwili kama watu waliobeba kitu kizito. Wakafukia. Udongo mweusi wa kwetu ukaingia wote, ukajaa, ukabaki mwingine juu.

Walipopiga jembe la mwisho mgongoni mwa kaburi, Makoye alikohoa. Aligeuka ubavu, akatapika tope jekundu, mara moja, mara mbili, kisha maji, kisha hewa tupu. Akaketi, akatazama wanawake mia wanaolia, akatazama kichwa changu.

"Mama," akasema, "nani amekunyoa vibaya hivyo?"

*

Watu wa sinema waliondoka siku ile ile. Anatoli alinipigia magoti kabla ya kupanda gari, nami nilimwambia ainuke, hakuwa na kosa peke yake. Makoye aliugua wiki mbili, akapona, akarudi kwenye marobota yake. Alikunywa maziwa ya mgando kwa kata. Hakukumbuka chochote tangu siku alipoambiwa aweke kiganja sikioni ahesabu mpaka ishirini. Anasema alifika kumi na nne.

Sinema yenyewe ililetwa mwaka themanini, vita vya Kagera vimekwisha. Waliionyesha Mhunze, uwanja wa shule, giza lilipoanza tu kuingia, kwenye kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye miti miwili. Generoza alikuja nayo. Kabla haijaanza alinivuta pembeni akaniambia kwamba nyimbo alizozinasa kwa Makoye hazikusikika. Walipozifungulia Dar es Salaam walikuta sauti ya mtu anayekwangua udongo, kwa mbali, polepole, utepe mzima. Ilibidi wamtafute mwimbaji mwingine wa kuzijaza.

Kwa hiyo Ngassa wa kwenye kitambaa aliimba kwa sauti ya mtu wa pwani, na wazee wa Bagalu walicheka sana. Makoye alikuwa kando yangu anatafuna karanga, anajicheka mwenyewe. "Mama, mimi natembea hivyo? Kama bata?" Nilicheka naye. Nilikuwa sijacheka hivyo siku nyingi.

Yakaja mazishi. Nikajiona nimekaa kichwani pa maiti, nywele bado ninazo, midomo nimeibana. Halafu picha ikasogea karibu, ikaonyesha uso wa mtu aliyelala kwenye ngozi ya ng'ombe mweusi.

Alikuwa mzee. Mashavu yamebonyea, mikunjo machoni, mvi zimejaa mpaka kwenye nyusi. Makoye siku ile alikuwa na miaka ishirini. Ngassa aliposhuka kwenye shimo la Geita alikuwa na thelathini na nne, hana unywele mmoja mweupe. Mtu yule wa kwenye kitambaa alikuwa na hamsini na kitu, umri ambao mume wangu angekuwa nao kama angeishi kando yangu miaka ile yote. Watu walikuwa wanasifu, wanasema watu wa Dar wanajua kupaka mtu unga. Nikamgeukia Generoza. Alitikisa kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Hatukumpaka kitu, mama."

Makoye alikuwa ameacha kutafuna.

"Mama, yule mzee ni nani?"

"Ni baba yako," nikamwambia.

Alivua kofia yake, akaiweka magotini, akaishika kwa mikono miwili mpaka sinema ikaisha, kile kitambaa cha mitini kikabaki cheupe.